Kitenzi cha Kihispania chenye -ría na Jina la Masharti

Magazeti ya Kihispania, hasa ya Amerika ya Kusini, hupenda sentensi ya namna hii: “El ministro habría muerto anoche.” Mfasiri Mswahili aliyefundishwa kwamba kitenzi chenye -ría ni kitenzi cha masharti, na kwamba kitenzi cha masharti katika Kiswahili ni kile chenye -nge- au -ngali-, ataandika pasipo kusita: “Waziri angalikufa jana usiku.” Msomaji wake atafahamu kwamba waziri yu hai, kwamba palikuwa na hatari, nayo ikaepukwa, naye atangoja kuambiwa ni kitu gani kilichomwokoa. Lakini gazeti halikusema hivyo hata kidogo. Gazeti limesema kwamba waziri yasemekana amekufa, ila mwandishi hajapata uthibitisho wala hataki kubeba dhamana ya habari hiyo. Mfasiri hakuvunja kanuni hata moja aliyofundishwa, na bado amemfufua maiti.

Kosa la namna hii haliwezi kutupwa lote juu ya mfasiri. Asili yake ni jina. Kitenzi hiki cha Kihispania kimepewa majina mengi, na wataalamu wa Hispania na wa Amerika wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Kiswahili hakikuwa na sehemu katika ugomvi huo, na kwa sababu hiyo hiyo ni shahidi anayestahili kusikilizwa. Wala shauri hili si la anasa. Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ambayo wenyeji wake wengi, Wafang na Wabubi, husema lugha za Kibantu nyumbani; nacho kimo katika orodha ya lugha za Umoja wa Afrika, ambao Februari 2022 ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Maandishi yatavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na vitenzi vyenye -ría vitavuka pamoja nayo.

Kwa umbo, ni shida kupata kitenzi chepesi kuliko hiki katika Kihispania. Lugha hiyo ina makundi matatu ya vitenzi, yaani yale yaishiayo kwa -ar, kwa -er na kwa -ir, na katika nyakati nyingi kila kundi lina desturi yake. Hapa makundi yote hukutana. Huchukuliwa kitenzi kizima kama kilivyo katika kamusi, pasipo kukatwa kitu, kikaongezwa moja ya tamati sita: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. “Hablar”, yaani kusema, huwa hablaría, hablarías, hablaría, hablaríamos, hablaríais, hablarían. “Comer”, kula, huwa comería, comerías. “Vivir”, kuishi, huwa viviría, vivirías. Na vivyo hivyo mpaka mwisho. Nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu za umoja hazina tofauti, hata msemaji hulazimika mara nyingine kutaja “yo” au “ella” ili ajulikane anamsema nani. Mswahili aliyezoea ni- na a- mwanzoni mwa kitenzi huuona huo kuwa upungufu, na kwa hakika ni upungufu.

Mkazo hukaa juu ya í siku zote. Katika maneno matano kati ya sita silabi hiyo ni ya pili kutoka mwisho, yaani pale pale ambapo Kiswahili huweka mkazo wake, na mwanafunzi hana la kujifunza. La sita, hablaríamos, huikiuka desturi, kwa kuwa mkazo wake umerudi nyuma silabi moja, na ulimi wa Mswahili huvutwa kusema hablariámos. Jingine la kuchungwa ni kwamba tamati hizi ni zile zile za wakati uliopita usiotimia wa vitenzi vya -er na -ir. “Comía” ni alikuwa akila. “Comería” ni kitu kingine kabisa. Na baina yao pana silabi moja tu, ambayo sikio lisilozoea huipoteza kwa urahisi.

Vitenzi vilivyoasi kanuni hii ni vichache, yapata kumi na viwili ukiacha vile vilivyoundwa kutokana navyo. “Tener”, kuwa na kitu, hakiwi tenería bali tendría. “Salir”, kutoka, huwa saldría. “Decir”, kunena, huwa diría. “Hacer”, kufanya, huwa haría. Vitabu vya shule huviorodhesha ili vikaririwe, kisha huendelea na mambo mengine. Lakini orodha hiyo ina neno la kusema kwa atakayeitazama vizuri. Vitenzi hivyo hivyo, na kwa upotovu ule ule, huasi katika wakati ujao: tendré, saldré, diré, haré. Havifanyi hivyo katika hali ya kutegemea, ile ambayo katika Kiswahili huishia kwa -e. Huko vina upotovu mwingine kabisa, kama tenga na tuviera, diga na dijera. Watoto wawili wenye alama moja usoni ni wa mama mmoja. Ushahidi huu ulikuwa wazi tangu zamani, nao ulipuuzwa kwa miaka mingi na watu ambao kazi yao ilikuwa kuutazama.

Haukupuuzwa na wa kwanza wao. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, alikwisha kuona kwamba maumbo ya ujao na ya -ría ni mzunguko wa maneno mawili, yaani kitenzi katika hali yake ya jina pamoja na kitenzi “haber”, kuwa na kitu. Katika Kilatini cha watu wa kawaida, aliyetaka kunena juu ya jambo lijalo alisema amare habeo, “nina kupenda”, na neno hilo likawa amaré, nitapenda. Aliyetaka kunena juu ya jambo lililokuwa likija, akalitazama kutoka wakati uliopita, alisema amare habebam, “nilikuwa na kupenda”, nalo likawa amaría. Kikastilia cha zama za kati kiliweza bado kuyatenga maneno hayo mawili na kuweka kiwakilishi baina yao. Kireno chaweza mpaka leo katika maandishi ya adabu: dar-lhe-ia, ambamo “lhe”, yaani “yeye” mpewaji, amekaa katikati ya “dar”, kutoa, na tamati yake.

Mswahili hana haja ya kwenda Ureno kutafuta mfano. Kiungo -ta- cha wakati ujao ni kitenzi “taka” kilichochakaa, na katika “atasoma” mtu hasikii tena kutaka. Lakini kiwakilishi cha kurejesha kinapoingia, kitenzi cha zamani hutokea kikiwa kizima: atakayesoma, nitakapofika, kitakachoanguka. Katika lugha mbili zisizo na nasaba, kitenzi cha msaada kimeyeyuka kikawa kiungo, na katika lugha zote mbili ni kiwakilishi kilichojipenyeza katikati ndicho kilichohifadhi kumbukumbu ya mwili wa kale. Kwa hiyo umbo lenyewe la hablaría limeandikwa maana yake usoni: hablar ni sehemu ile ile iliyo katika hablaré, nitasema, -ía ni alama ya wakati uliopita. Ni ujao uliotiwa ndani ya uliopita.

Akademia ya Kihispania ya Madrid, iliyoanzishwa mwaka 1713 na kutoa sarufi yake ya kwanza mwaka 1771, haikuufuata uso huo. Kwa muda mrefu iliyaweka maumbo matatu katika sanduku moja, yaani lile lenye -ra, lile lenye -ría na lile lenye -se, ikayaita yote wakati uliopita usiotimia wa hali ya kutegemea. Sababu yake yafahamika. Mhispania aweza kusema “habría comprado la casa” au “hubiera comprado la casa”, na kwa yote mawili akamaanisha kwamba angalinunua nyumba. Vitu viwili vinavyobadilishana mahali pamoja huonekana kuwa kitu kimoja. Katika sarufi ya mwaka 1917 Akademia ilighairi, ikaitoa -ría katika sanduku lile na kuipa hali ya peke yake, iliyoitwa hali ya uwezekano. Mwaka 1973, katika muhtasari wa sarufi mpya, hali hiyo ilifutwa; -ría ikaingizwa katika hali ya kuarifu na kuitwa condicional, ya masharti. Sarufi kubwa ya mwaka 2009 imeliacha jina hilo, ila imelitaja pamoja nalo jina jingine la Andrés Bello. Hivi kitenzi kimoja kilihamishwa nyumba mara mbili katika muda usiotimia miaka sitini, na nyumba ya mwisho ndiyo ile ambayo mtu mmoja wa Amerika alikwisha kuionyesha karne moja na robo kabla.

Bello alizaliwa Caracas mwaka 1781, akakaa London tangu 1810 hata 1829, kisha akahamia Chile, ambako alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha nchi hiyo na ambako alikufa mwaka 1865. Mwaka 1841 alitoa katika mji wa Valparaíso kitabu kidogo juu ya nyakati za vitenzi vya Kikastilia, na mwaka 1847 sarufi yake kubwa iliyokusudiwa Waamerika. Kitabu kile kidogo ni moja ya kazi bora zilizopata kuandikwa juu ya wakati katika lugha yo yote, na ni hasara kwamba hakijulikani sana nje ya ulimwengu wa Kihispania. Bello aliyakataa majina ya Kilatini yaliyorithiwa pasipo kufikiriwa. Aliuliza swali moja tu: tendo lina uhusiano gani na saa ya kusema? Aweza kuwa pamoja nayo, au kabla yake, au baada yake. Na mahali pa saa ya kusema paweza kuwekwa tendo jingine, likapimwa kwalo. Kwa herufi tatu tu, moja ya kuwa pamoja, moja ya kutangulia na moja ya kufuata, aliandika mahali pa kila wakati kama mtu aandikavyo hesabu. Hablaría ikapata herufi mbili: kufuata, kisha kutangulia, maana yake, ni tendo linalofuata jambo ambalo lenyewe limetangulia saa ya kusema. Akaliita pospretérito, yaani lifuatalo lililopita. Shule za Meksiko hufundisha kwa jina hilo mpaka leo.

Sasa Kiswahili kiitwe kutoa ushahidi. Zipo sentensi mbili za Kihispania zinazotofautiana kwa umbo la kitenzi kimoja tu: “Dijo que llegaría el lunes”, na “Dijo que llegara el lunes.” Kwa Kiswahili ya kwanza ni “Alisema kwamba atafika Jumatatu”, na ya pili ni “Alisema afike Jumatatu.” Katika ya kwanza mtu ameahidi au amearifu, katika ya pili ametoa amri. Hakuna Mswahili, hata mtoto, atakayechanganya atafika na afike. Ikiwa -ría na -ra ni kitu kimoja cha hali ya kutegemea, kama Akademia ya kale ilivyosema, basi kuahidi na kuamrisha ni kitu kimoja. Kiswahili hukataa, nacho hukataa kwa kiungo cha -ta-, ndugu wa maana wa hablaré. Bello angalifurahi kuupata ushahidi huu. Kubadilishana kwa -ra na -ría, ambako Akademia ilikufanya msingi, kwapatikana katika sentensi za dhana tu. Nje ya hapo kila moja hurudi kwa watu wake.

Katika sentensi ya kwanza, Kiswahili hakikubadili wakati wa kitenzi kile kidogo. “Asema kwamba atafika”, “alisema kwamba atafika”: -ta- ni ile ile, kwa sababu Kiswahili huihesabu saa kutoka kwa yule aliyesema. Kihispania huihesabu kutoka kwa yule anayesimulia, na kwa hiyo llegará hugeuka kuwa llegaría mara kitenzi kikuu kinaporudi nyuma. Hii ndiyo kazi ya asili ya -ría, kazi iliyoandikwa usoni pake, nayo haina sharti lo lote ndani yake. Aliyesema kwamba atafika Jumatatu hakuweka sharti. Huenda tayari amefika.

Pana jambo la kulalamikia hapa kwa upande wa Kiswahili. Katika maandishi ya siku hizi yaonekana mara nyingi “alisema kwamba angefika Jumatatu”, ambapo kusudi la mwandishi ni kuarifu tu ahadi. Matumizi hayo yamekwisha kupata watetezi, na lugha hai haiwezi kuzuiwa kwa kemeo. Lakini sikio la msomaji makini, likisikia angefika, hungoja lakini: angefika, lakini meli imechelewa, angefika, kama si ugonjwa. Mwandishi asipoileta lakini hiyo, huwa ameacha shaka mahali ambapo hakukusudia kuiacha. Anayefasiri -ría kwa -nge- kila aionapo huleta shaka hiyo kwa mamia.

Kazi ya pili ya -ría ni ya kukisia juu ya jambo lililopita. “Serían las diez cuando llamó a la puerta”: ilipata saa nne hivi alipobisha mlango. “Tendría veinte años”: alikuwa na umri upatao miaka ishirini. Kiswahili hutumia kitenzi “kupata”, nacho hufaa sana, kwa kuwa hutoa kadiri pasipo kuapa. Ukiandika “zingekuwa saa nne” au “angekuwa na miaka ishirini”, umesema kinyume: kwamba haikuwa saa nne, na kwamba kijana alikufa kabla ya kuifikia ishirini au hajaifikia. Hapa pia ushahidi wa kwanza watoka katika wakati ujao. Mhispania akisema “estará en casa”, yamkini hasemi juu ya kesho, bali akisia juu ya sasa. Na Mswahili husema vivyo hivyo, “atakuwa nyumbani”, “sasa atakuwa amekwisha lala”. Lugha zote mbili hulikopa tendo lijalo ili kukisia tendo lililopo, kwa sababu lisilojulikana na lisilofika bado hufanana. Kihispania kikaendelea hatua moja: kikaurudisha ujao huo nyuma, kikasema “estaría en casa”, yaani yamkini alikuwa nyumbani. Kiswahili hakikuichukua hatua hiyo kwa kiungo, nacho hutumia neno la kando, kama yamkini, huenda, pengine. Mwenye kulifahamu hilo hatamwua wala kumfufua waziri wa gazeti, maana habría muerto ni ndugu wa estaría. Ni kukisia kwa kutumia midomo ya watu wengine. Wasahihishaji wengi wa Kihispania hulilaumu tumizi hilo la magazeti, wakisema limeigwa kutoka Ufaransa. Liwe limeigwa au halikuigwa, lipo, na mfasiri hulikuta mezani pake.

Yabaki matumizi mawili ambayo ndiyo yaliyolipa umbo hili jina la masharti. Moja ni la adabu. “Me gustaría hablar con el director” ni “ningependa kusema na mkurugenzi”, na hapa lugha mbili hukutana barabara, -ría na -nge-, pasipo haja ya maelezo. Lakini zisifikiriwe kukutana kila mahali penye adabu. “¿Podría usted abrir la ventana?” haikubali “ungeweza kufungua dirisha?”, ambayo kwa Mswahili yasikika kama swali juu ya nguvu za mikono, Kiswahili husema “tafadhali fungua”, au “naomba ufungue dirisha”.

La pili ni la dhana yenyewe. “Si tuviera dinero, compraría una casa”: ningekuwa na fedha, ningenunua nyumba. Hapa Bello hutetereka kidogo. Katika compraría hii hakuna jambo lililopita ambalo kununua kungelifuata. Msemaji anazungumza juu ya leo, au juu ya siku isiyokuwapo. Bello alijibu kwamba nyakati zina maana ya msingi na maana ya sitiari, na kwamba alama ya wakati uliopita hutumika kwa sitiari kuonyesha ukanushi: kilichopita hakipo, na kwa hiyo kisichokuwapo husemwa kama kilichopita. Mkosoaji aweza kusema kwamba neno sitiari limebebeshwa mzigo mkubwa, na kwamba mwenye mfumo wa hesabu hakuwa na haki ya kukimbilia balagha mara hesabu ilipokataa. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo Kiswahili, kikiulizwa mara ya pili, chaelekea upande wa Bello. Kiungo -ngali- chaonekana kuwa na sehemu mbili: -nga-, ambayo yapatikana pia katika “ingawa”, na -li, ambayo haiwezi kutengwa na -li- ya mambo yaliyopita wala na kitenzi cha kale cha kuwa. Mswahili asiyejua neno la Kihispania, alipotaka kusema juu ya kitu kisichokuwapo, naye alishika kiungo cha wakati uliopita. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili, kikiwamo cha Bibi Ashton cha mwaka 1944, vimezoea kuigawa -nge- kwa yale yanayowezekana bado na -ngali- kwa yale yaliyokwisha pita. Lakini wasemaji wengi hawaushiki mgawo huo, nao hutumia hata -ngeli- kwa yote mawili. Ukizingatia jambo hilo, sitiari ya Bello haionekani tena kuwa kimbilio.

Je, kitenzi hiki kiitwe nini katika Kiswahili? Masharti halifai, si kwa sababu ni uwongo mtupu, bali kwa sababu ni ukweli mdogo uliowekwa mbele ya ukweli mkubwa. Nalo ni baya zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kihispania, kwa kuwa huku limekwisha kukaliwa na -nge- na -ngali-, na mwenye jina moja hudhaniwa kuwa na tabia moja. “Ujao wa uliopita” ni jina refu, na kwa mara ya kwanza husikika kama kinzano. Lakini mwanafunzi aliyeonyeshwa hablaré na hablaría ubavu kwa ubavu, kisha “dice que hablará” na “dijo que hablaría”, hataona kinzano tena. Naye atakuwa amefundishwa kwanza kazi ambayo kitenzi hiki huifanya peke yake, kabla ya zile afanyazo kwa ushirika na wengine. Dhana ifundishwe baadaye, pamoja na maumbo ya -ra na -se yanayoiandama.

Kuichelewesha kuna faida nyingine. Katika Kiswahili -nge- hukaa pande zote mbili za sentensi: ningekuwa na fedha, ningenunua. Katika Kihispania cha maandishi, -ría hukaa upande wa jibu tu, wala haifuati “si”, yaani kama, ya dhana. Upande wa sharti wenyewe huchukua -ra au -se. Jambo hilo peke yake lingalitosha kulitia dosari jina la condicional, maana kitenzi kiitwacho cha masharti ndicho pekee kisichoruhusiwa kutaja sharti. Mswahili aliyekariri kwamba -ría ni -nge- ataandika “si tendría dinero, compraría una casa”, na mwalimu atalipiga mstari neno la pili. Kwa kanuni ya shule mwalimu ana haki. Lakini katika nchi ya Wabaski, na katika majimbo ya jirani kama Burgos na La Rioja, wenyeji waliozaliwa na Kihispania kinywani husema “si tendría” tangu zamani, nyumbani na sokoni. Wameiweka -ría pande zote mbili, kama Mswahili, nao pia hupigwa mstari shuleni.